Tusichome mamba muntu ya wazee wetu

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Katindo alinipigia simu mapema asubuhi. Salamu zilikuwa fupi. "Mtoto yangu, weye ulisoma," akasema. "Kuya hapa uniambie: hii tablo ya marehemu, nichome ao niache?"

Nilijua ni tablo gani. Watoto wote wa ukoo wetu wanaijua, maana sote tulikua tukiiogopa na kuiangalia kwa wizi. Ni mamba muntu: mwanamke mrembo hadi kiunoni, samaki kutoka kiunoni kwenda chini. Kifua kiko wazi. Nywele ni ndefu, saa ya dhahabu iko mkononi, kitana na kioo viko kando, nyoka amemzunguka shingoni. Nyuma yake kuna ziwa la buluu, na ng'ambo ya ziwa kuna gari dogo jekundu. Marehemu mume wa shangazi aliinunua Bunia mwaka 1986, wakati alipokuwa akiendesha lori la Goma, Butembo na Bunia. Aliitundika saloni, juu ya redio, na ikabaki hapo.

Mwaka 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini, shangazi aliipakia juu ya chukudu pamoja na masufuria na magodoro. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame, aliifunga katika kitenge na kwenda nayo Sake. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika ndani ya mji wa Goma, risasi ilitoboa bati la nyumba. Tablo haikuguswa.

Sasa inataka kuchomwa na mtoto wake wa mwisho. Kijana huyo ameoa miaka mitatu iliyopita na hajapata mtoto. Katika kikundi cha maombi anachohudhuria, mtu mmoja alimwambia kwamba mwanamke aliye katika tablo ya baba yake ndiye aliyefunga tumbo la mke wake. Dawa yake ni moto na petroli, mbele ya mashahidi, siku ya Jumapili.

Nilimjibu shangazi kwamba asichome. Naandika leo kueleza kwa nini, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeulizwa swali hili katika mji wetu.

Picha iliyosafiri

Wanaosema mamba muntu alitoka kuzimu wangeshangaa kusikia kwamba njia aliyopitia inajulikana, na inapitia kwenye mashine ya kuchapisha. Katika miaka ya 1880, kampuni ya Friedländer ya mji wa Hamburg, Ujerumani, ilichapisha picha ya rangi ya mwanamke anayecheza na nyoka. Ilikuwa tangazo la maonyesho, kama vile leo tunavyobandika afishi za tamasha. Nakala zikapanda meli na kufika pwani ya Afrika Magharibi. Huko watu walikuwa na imani zao za kale kuhusu pepo wa maji, na waliona katika picha ile uso waliokuwa wakiutafuta. Mwaka 1901 tayari kulikuwa na kinyago kusini mwa Nigeria kilichochongwa kwa kuiga picha hiyo.

Mwaka 1955 kampuni moja ya kalenda ya Bombay, Shree Ram, ilichapisha upya nakala 12,000 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi, Ghana. Kwa hiyo Mjerumani alichora, Mhindi akachapisha, Mghana akauza, na Mwafrika wa kila mji akampa jina lake. Kinshasa wakamwita Mami Wata. Katanga, kwa Kiswahili cha huko, wakamwita mamba muntu, na jina hilo limefika hadi kwetu.

Wachoraji wa Congo waliongeza vyao: mkia wa samaki, saa, nywele za mtindo, gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walizunguka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wakiangalia tablo zilizotundikwa katika saloni za wafanyakazi. Mamba muntu ilikuwa miongoni mwa zile zilizopendwa zaidi. Wachoraji wengi walitumia kitambaa cha gunia la unga, wakaipaka rangi ya chini, wakachora, kisha wakapita mtaani kuuza nyumba kwa nyumba. Mteja hakuwa mzungu wala tajiri. Alikuwa fundi wa reli, karani, mwalimu, dereva kama marehemu wetu.

Ndiyo maana nasema tablo hizi ni hati. Picha nyingi za Congo zilizochorwa kwa ajili ya wageni ziko nje ya nchi. Hizi zilichorwa na Mkongomani ili Mkongomani mwenzake azitundike juu ya redio yake. Katika familia nyingi ndizo kitu pekee cha sanaa ambacho wazee walichagua wenyewe na kulipia kwa jasho lao.

Wengine walimweka katika dhahabu

Mtu atasema: lakini mwanamke uchi ukutani, mbele ya watoto na wageni, hiyo ni tabia gani? Ni tabia ya Wakongomani waliopotea?

Hapa nataka msomaji atoke kidogo Goma. Kuna sanaa ya zamani sana ya kuchora nyuma ya kioo. Fundi anayeandika jina la duka upande wa ndani wa kioo anaielewa haraka: herufi lazima ziandikwe kinyume, ili mpita njia azisome sawa. Sasa fikiria picha nzima iliyofanywa hivyo. Anayechora kwenye kitambaa anaanza na anga na ukuta wa nyuma, halafu mwili, na mwisho anaweka mboni ya jicho. Anayechora nyuma ya kioo anaanza na mboni ya jicho. Kitu kitakachoonekana mbele kabisa ndicho kinachopakwa kwanza, na ukishapaka ngozi juu yake, huwezi kurudi kukirekebisha.

Wengine walitumia dhahabu badala ya rangi. Fundi anapaka kioo gundi nyepesi ya gelatini, analaza karatasi ya dhahabu iliyopondwa hadi kuwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anasubiri ikauke, kisha anachora kwa sindano, akikwaruza dhahabu mstari kwa mstari. Mwisho anapaka rangi nyeusi au nyekundu nyuma yake. Ukigeuza kioo, unaona picha inayong'aa ndani ya kioo chenyewe, ambayo kidole hakiwezi kuigusa. Wafaransa wanaiita verre églomisé, kwa jina la Jean-Baptiste Glomy, fundi wa kadre wa Paris aliyefariki mwaka 1786. Kazi yenyewe ni ya kale kuliko yeye. Waroma wa karne ya 4 walifungia karatasi ya dhahabu kati ya vioo viwili, na Mwitalia Cennino Cennini alieleza namna ya kuifanya karibu mwaka 1400.

Walichora nini? Watakatifu, ndiyo, na Bikira Maria, na nembo za familia. Lakini pia walichora mwili wa mwanamke, tena sana. Katika karne ya 18 wachoraji wa Canton, China, walichora nyuma ya vioo vilivyotoka Ulaya wanawake wazuri waliokaa kando ya maji wakimsubiri mtu, na picha hizo zikauzwa hadi Ulaya na India ya magharibi. Ulaya kwenyewe miungu ya kike ya Wagiriki ilipambwa kwenye milango ya makabati, kwenye saa na kwenye vioo vya kujitazamia. Kulikuwa hata na visanduku vya tumbaku vyenye kifuniko cha siri: juu mandhari ya mashamba, ndani picha ya mapenzi ambayo mwenyewe aliwaonyesha rafiki zake tu baada ya chakula.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa meli. Mwaka 1935 meli kubwa ya abiria ya Ufaransa, Normandie, ilifanya safari yake ya kwanza kutoka Le Havre hadi New York. Katika saloni ya daraja la kwanza, mchoraji Jean Dupas alibuni kuta nzima za vioo vilivyochorwa na kupakwa dhahabu na fedha kwa nyuma. Mada ilikuwa historia ya usafiri wa majini. Ndani yake kulikuwa na mungu wa bahari na gari lake, na kuzaliwa kwa Afrodita, mungu wa mapenzi wa Wagiriki, ambaye alitoka majini. Kwa maneno mengine, mwanamke mrembo wa baharini, katika saloni, mbele ya wageni. Mamba muntu wao.

Februari 1942 meli ile iliungua moto katika bandari ya New York. Vioo vilikuwa vimeshatolewa na kuhifadhiwa, basi vikasalimika. Leo sehemu ya kuta hizo iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Watu wanapanga mstari kuziangalia na hakuna anayezituhumu kufunga tumbo la mtu.

Na usidhani ni mambo ya wazungu tu. Senegal wana picha za nyuma ya kioo wanazoziita souwère, neno lililotokana na Kifaransa sous-verre. Nchi ile ni ya Waislamu wengi. Wachoraji wao walichora masheikh na hadithi za mitume, wakachora mabibi waliojipamba kwa nywele na vito, na wakamchora pia binti wa maji. Vyote viliishi katika saloni za mji mmoja.

Kuna jambo moja linaloniuma katika habari hii ya dhahabu. Dhahabu inatoka kwetu, Ituri, Kamituga, Misisi. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika mara nyingi jinsi sehemu yake inavyovuka mipaka kwa magendo hadi masoko ya Ghuba. Sisi tunaishi kando ya dhahabu, lakini mchoraji wa Bunia alilazimika kuigiza rangi yake kwa rangi ya njano ya kopo alipochora saa ya mamba muntu. Sanamu inayong'aa tuliyo nayo mjini ni ile ya chukudu, iliyozinduliwa mwaka 2009, na inapendeza kwa sababu inamheshimu mtu anayesukuma mzigo. Tablo ya shangazi inamheshimu mtu huyohuyo. Ilinunuliwa na dereva wa lori.

Uchi ule unasema nini

Nilipokuwa mtoto nilifikiri tablo ile ilikuwa pale kwa sababu wanaume wanapenda kuangalia matiti. Sikukosea sana, lakini nusu ya habari ilinipita.

Kila mtu wa umri wa shangazi anaijua hadithi. Mwanaume anakuta kitana au unywele wa mamba muntu kando ya maji. Usiku anamjia katika ndoto na kumwambia: nitakupa mali, lakini utakuwa wangu peke yangu, na hutasema kwa mtu. Mwanaume akikubali anatajirika haraka. Anajenga, ananunua gari. Lakini hawezi tena kuoa, au mke wake anakauka, au watoto wanakufa mmoja mmoja. Utajiri unabaki, ukoo unakwisha.

Kwa hiyo gari jekundu ng'ambo ya ziwa si pambo. Ndilo bei. Tablo inaonyesha tamaa mbili kwa pamoja, ya mwili na ya pesa, na inamwonya mwenye nyumba kwamba zote mbili zinaweza kumtenga na watu wake. Wazee walitundika onyo hilo mahali ambapo wageni waliketi, bia ikafunguliwa, mazungumzo yakaanza: fulani alipata wapi pesa ile? Kwa nini hasaidii ndugu zake?

Niambieni kama onyo hilo limepitwa na wakati katika mji wa Goma. Tumeona vijana waliotajirika kwa koltani katika miezi sita na kusahau jina la kijiji chao. Tumeona nyumba za ghorofa zikipanda Himbi kando ya ziwa bila mtu kujua mwenyewe ni nani. Tangu benki zifungwe mwaka 2025, tumeona pia wanaopata faida juu ya shida ya jirani kwa kumkata asilimia kila anapotaka kutoa pesa zake kwenye simu. Mamba muntu angewatambua wote hao. Kama ningekuwa mchungaji, ningemchukua yeye kuwa mfano wa mahubiri.

Kuna pingamizi moja zito, na sitaki kulikwepa. Mwandishi mwenzangu, mwanamke, alisoma rasimu ya makala hii akaniuliza: "Na kwa nini hatari lazima iwe mwanamke? Kwa nini tamaa ya mwanaume inachorwa kwa mwili wetu?" Akaongeza kwamba katika jimbo ambalo miili ya wanawake imefanywa uwanja wa vita kwa miaka thelathini, katika nchi ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu waliobakwa, yeye hawezi kuona kifua wazi ukutani kwa macho mepesi kama ya wajomba zetu.

Ana haki. Tablo hizi zilichorwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Zinamfanya mwanamke kuwa mtego, na kosa la mwanaume linabebeshwa yeye. Mtoto wa kike anayekua chini ya picha hiyo anajifunza kitu, na si kizuri chote. Mimi sidai kila nyumba iitundike saloni. Anayeona inamuumiza aitoe ukutani leo.

Lakini nilimjibu hivi: kuitoa ukutani na kuichoma ni mambo mawili. Ukiichoma, hata swali lako wewe linakosa ushahidi. Binti zetu watajuaje kwamba kulikuwa na wakati ambapo hatari ilichorwa hivi, na nani alinufaika nayo? Tena, tamaa si sawa na ukatili. Mwanamke wa tablo anaangalia mbele, ana kioo chake, ana saa yake, na ndiye anayeweka masharti. Tukitupa kila picha ya mwili katika fungu moja na ubakaji, tunawaachia wabakaji mwili wote wa mwanamke, na sisi tunabaki na aibu tu. Mwenzangu hakukubali yote. Alikubali kwamba isichomwe.

Juu ya moto

Narudi kwa kijana wetu na kikundi chake cha maombi. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa hapa Goma, na sidharau maombi. Katika miaka hii, maombi ndiyo yaliyowashika wengi wasianguke. Lakini nataka niongee naye kama ndugu mkubwa.

Wanaopenda kuchoma hutaja Matendo ya Mitume, sura ya 19, ambapo watu wa Efeso walichoma vitabu vya uchawi. Nimeisoma tena. Waliochoma walikuwa wachawi wenyewe, na vitabu vilikuwa vyao, ambavyo walivitumia katika kazi hiyo. Hakuna aliyeingia katika nyumba ya mama mjane kutafuta cha kuchoma. Marehemu hakuwahi kuwasha mshumaa mbele ya tablo yake. Aliweka juu yake kalenda ya parokia. Na Biblia hiyohiyo ina Wimbo Ulio Bora, kitabu kizima kinachosifu mwili na mapenzi, ambacho hakuna aliyetuomba tukikate.

Kuhusu mtoto ambaye hajazaliwa: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake. Wengi wao hawajawahi kuona mamba muntu. Tatizo linaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanaume au kwa wote wawili, na mara nyingi mwanaume ndiye wa mwisho kukubali kupimwa. Nilimwambia mdogo wangu aende hospitali pamoja na mke wake, siku moja, wapimwe wote. Alinyamaza. Nilielewa kwamba katika miaka mitatu ni mke tu ndiye aliyepimwa. Basi moto wa Jumapili, pamoja na mambo mengine, ungemsaidia mwanaume asijibu swali hilo.

Tena tunajua historia hii inaishaje, kwa sababu tulishaiona. Wamisionari wa kwanza waliwaambia babu zetu kwamba sanamu na vinyago vyao ni vya shetani. Vingi vilichomwa. Ambavyo havikuchomwa vilipakiwa masanduku na kupelekwa Ubelgiji. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi kwa Kinshasa orodha ya vitu karibu 84,000 vya Congo vilivyoko katika makumbusho ya Tervuren. Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe alileta kinyago kimoja kikubwa, Kakuungu cha Wasuku, na hata hicho aliita mkopo wa muda usio na mwisho. Shetani wa babu zetu sasa anakaa nyuma ya kioo, na anayetaka kumwona Tervuren analipa tiketi.

Na tablo za mitaani zinafuata njia ileile. Mwaka 2015 jumba la Fondation Cartier la Paris lilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo tangu 1926 hadi 2015, na watu walimiminika. Chéri Samba, aliyeanza kwa kuchora mabango Kinshasa, leo anauzwa kwa bei ambayo sisi hatuwezi kuitamka. Ninaogopa siku ambayo wajukuu wa shangazi watahitaji visa ili waone mamba muntu wa aina ile aliyekuwa juu ya redio ya babu yao.

Tufanye nini

Najua wengine wanasema: uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, watu wanalala na njaa, na wewe unaandika juu ya tablo. Nakubali kwamba hakuna atakayeshiba kwa tablo. Lakini mji huu umepoteza nyumba, makaratasi, picha za harusi na makaburi, kwa lava na kwa vita. Tulichobakiza ni kidogo, na hiki tunakipoteza kwa kiberiti chetu wenyewe. Kukilinda hakuhitaji pesa.

Kwanza, kama unayo tablo ya zamani, ipige picha kwa simu, mbele na nyuma. Jina la mchoraji mara nyingi liko kwenye kona ya chini. Andika nani aliinunua, wapi, mwaka gani, na hadithi ambayo wazee walikuwa wakiisimulia juu yake. Mpe ndugu aliye mbali nakala.

Pili, usiitundike jikoni wala karibu na mbabula, kwa sababu moshi wa makala unaingia ndani ya rangi. Ukihama, ifunge kwa kitambaa cha pamba, si kwa plastiki inayoshika unyevu. Na kama ni picha iliyochorwa nyuma ya kioo, usioshe upande wa nyuma kwa maji hata siku moja. Rangi yote na gundi yake viko upande huo, nayo ikiondoka haina dawa. Futa upande wa mbele tu, kwa kitambaa kikavu.

Tatu, mtu akija na dola akakwambia tablo hiyo ni takataka lakini yeye atakusaidia kuiondoa, mfikirie mara mbili. Takataka hainunuliwi.

Nne, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma, pamoja na vituo vya utamaduni vya mji, wanaweza kuanza orodha rahisi: nyumba ngapi, tablo ngapi, wachoraji gani. Bukavu wana Musée du Kivu iliyoanzishwa na wamisionari Waksaveri. Kinshasa ina makumbusho mapya ya taifa tangu 2019. Sisi wa Kivu Kaskazini tunaweza kuanza na daftari.

Jumapili ile ilipita bila moto. Shangazi aliitoa tablo saloni, akaiweka katika chumba chake cha kulala, nyuma ya kabati, ikiangalia ukuta. Alisema hataki mtoto wake aone kwamba mama amemshinda, na hataki pia marehemu aone kwamba mke wake amemtupa. Mdogo wangu hajaniambia kama ameenda hospitali. Mke wake ndiye aliyenitumia ujumbe, wa neno moja: "Tulienda." Sijauliza majibu.

Tulipoigeuza tablo siku ile, tuliona kwa mara ya kwanza maandishi ya kalamu nyuma ya gunia: Bunia, 1986, na sahihi iliyofutika nusu, inayoanza na herufi L. Kama wewe msomaji, au mzee wako, aliwahi kuishi Bunia miaka ile na anamkumbuka mchoraji aliyepita nyumba kwa nyumba na mamba muntu mikononi, tuambie jina lake. Shangazi anataka kuliandika vizuri, kabla naye hajaondoka.